Taa za Shemeji

Mtaani walimwita Fyuzi, na si kwa sababu ya ufundi wake wa umeme wa magari peke yake. Jamaa alikuwa hakawii kuungua. Mteja akimletea zile balbu kali zinazouzwa barabarani kwa mafungu kama nyanya, hata salamu alikuwa haitikii. "Nikikufungia hizi," angesema, "wewe utaona mpaka kesho kutwa, na anayekuja mbele yako hataona hata vidole vyake. Mimi sifungi. Watafute wauaji wakufungie." Wapo waliosonya wakaondoka zao. Wengi wao walirudi.

Basi shemeji yake, mume wa dada yake, alipomletea pikapi ya maziwa, Fyuzi aliishughulikia kwa moyo wote. Shemeji ni shemeji, na isitoshe maziwa ya chai ya nyumba ile yalitoka kwenye pikapi hiyohiyo. Kila siku kabla jogoo hajawika shemeji alikwenda kwa wafugaji, akajaza madumu, akarudi nayo mjini kungali giza.

"Shemeji, hizi si taa, ni mishumaa," alilalamika. "Juzi nimemkosakosa mtu wa baiskeli. Nakwambia jasho lake nimelisikia puani."

Vioo vya taa vilikuwa vimegeuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Fyuzi alivisugua kwa msasa wa maji mpaka vikang'aa. Akafuatilia nyaya, akakuta mmoja umeliwa na kutu na umeme nusu unaishia njiani, akaubadilisha. Akafunga balbu za aina ileile ambayo taa zile zilitengenezewa, ila mpya. Mwisho akaiegesha pikapi hatua kumi kutoka ukuta wa karakana, uliochorwa mstari wa chaki, akazungusha skrubu za taa kwa bisibisi, huku kidogo, kule kidogo, mpaka mwanga ukakaa chini ya mstari ukatulia.

"Sasa utaliona shimo kabla shimo halijakuona," alisema akijifuta mikono, "na hakuna utakayemchoma macho."

Mkewe Fyuzi alikuwa nesi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, wengine hawafikii hata uzito wa mfuko wa sukari. Kazi ile aliipenda kupita kiasi. Angeweza kukaa mezani akasimulia kutwa nzima jinsi kitoto fulani kilivyoongezeka uzito wa kijiko kimoja. Zamu ikiisha alipanda skuta yake akarudi nyumbani kabla hakujapambazuka. Wiki ileile iliyotengenezwa pikapi, akarudi amenuna.

"Kuna mtu siku hizi nakutana naye pale kwenye kona," alisema akivua kofia ngumu. "Ana taa za kishetani! Namwashia na kumzimia, ili apunguze. Ndio kwanza ananipigia fulu, taa zote juu!"

Fyuzi akaungua palepale. Alisema fundi aliyefunga taa zile hakulelewa na mama, kwamba mafundi wa siku hizi wanajua kupokea gari tu, kwamba yeye angekuwa serikali angewanyang'anya bisibisi. Chai ilipoa hajamaliza. Kisha akamshauri mkewe asizitazame taa zenyewe, bali atazame ukingo wa barabara wa upande wake na apunguze mwendo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huvua shati kutafuta chawa hali anamtuhumu jirani?

Siku ya nne mkewe alirudi akichechemea. Suruali ilikuwa imechanika, goti limefungwa bendeji, na skuta imebaki na kioo kimoja. Alikuwa ametumbukia mtaroni. Mpita njia alimsaidia kutoka, akarudi hospitali kushonwa na wenzake wale aliowaaga nusu saa kabla.

"Niliutazama ukingo kama ulivyoniambia," alisema. "Ukingo haukuwepo. Ni weupe mtupu." Akaitua kofia ngumu mezani. "Nitamwomba metroni anihamishie stoo. Mchana. Nitapanga mashuka na glavu, nitarudi nyumbani jua linawaka."

"Na watoto wako?"

"Watoto wangu wa kuzaa ni wawili, wote wanahitaji mama." Kisha akainamia meza akalia. Fyuzi aliona kabisa kwamba mkewe anaikata mikono yake mwenyewe, na aliyemshikisha kisu ni mtu asiyemjua hata kwa sura. Usiku ule hakulala vizuri. Alijiambia, mtu huyo nitamshika.

Kesho yake, mkewe akiwa amepewa siku mbili za kupumzika, Fyuzi aliamka gizani, akatia bisibisi mfukoni kwa mazoea, akaenda kusimama kwenye kona. Maneno ya kumtolea mtu yule alikuwa ameyapanga tayari, na hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto. Ikapita lori moja, taa zake za kawaida. Ikapita teksi. Kisha ukaja mwanga.

Haukumulika barabara. Ulimjia usoni moja kwa moja, ukayajaza macho yake, na barabara, mtaro, miti, vyote vikafutika. Fyuzi alinyoosha mkono kusimamisha gari, mwenyewe hajui kama amesimama barabarani au pembeni. Gari likafunga breki, kioo kikashushwa.

"Shemeji! Kuna nini, umefiwa?"

Fyuzi alishika boneti, akaizunguka pikapi kama kipofu anayejifunza nyumba mpya. Nyuma kulikuwa na madumu kumi na mawili ya maziwa, yamejaa mpaka shingoni. Springi zilikuwa zimelala, bodi ya nyuma imekaa chini kama kuku aliyeatamia, na pua ya gari imeelekea mbinguni. Yeye taa alizipima mchana, gari tupu, ukutani kwake.

"Hujawaona watu wakikuwashia taa?" aliuliza.

"Mbona wengi! Kila asubuhi. Nikajua wanazisifia, nami nawapigia fulu kuwajibu. Dada yako nimemwambia kaka yake amenipa heshima barabarani."

Siku nyingine Fyuzi angecheka mpaka akae chini. Alimweleza kwa maneno machache nani aliyekuwa mtaroni jana. Shemeji alitoka garini, akakaa kwenye bampa la mbele, akashika kichwa.

"Nitamwambia mwenyewe," alisema. "Nitamwangukia miguuni."

"Wewe ulipewa taa zimepimwa. Aliyepima ni mimi. Nitamwambia mimi."

Waliisogeza pikapi, na mzigo wake wote, mbele ya ukuta wa ghala lililokuwa karibu. Mwanga uliupiga ukuta usawa wa uso wa mtu mzima. Fyuzi alizungusha skrubu mpaka ukashuka chini ya kiuno chake. "Gari likiwa tupu zitamulika karibu," alimwonya shemeji. "Unapokwenda kwa wafugaji, nenda polepole. Na fulu si salamu."

Kumwambia mkewe alisema atamwambia asubuhi ile. Akaona bado goti linamuuma. Akasema jioni, jioni watoto walikuwepo. Siku mbili zikapita, chakula anakibakiza sahanini, na mkewe akidhani ni huruma. Siku ya tatu mkewe akarudi kazini, barua ya kuomba stoo ikiwa kwenye mkoba. Alikuwa amepanga kumkabidhi metroni mwisho wa wiki.

Asubuhi aliingia mlangoni anatabasamu.

"Leo yule shetani hakupita! Amepita shemeji tu na maziwa yake. Nimemwona mpaka uso, akanipungia mkono. Kumbe siku zote hizi anapita saa zile, mbona sikuwahi kumwona?"

Fyuzi aliweka kikombe chini. "Ulikuwa unamwona," alisema. "Ni yeye. Na taa nilizipima mimi, gari likiwa tupu. Likijaa maziwa pua inanyanyuka. Nimelijua hilo siku tatu, nikaogopa kukwambia."

Mkewe hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa akamtazama mumewe, goti lake bovu limenyooka mbele.

"Ningekufa mtaroni," alisema, "ungekaa matangani kwangu unamtukana fundi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimeumia mimi, kusamehe ni juu yangu, na nitakusamehe. Si leo." Akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi, kwa sababu jambo jingine lilikuwa limemjia. "Hebu niambie. Taa unapima miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Na magari ya mizigo? Uliwahi kulipima hata moja likiwa na mzigo?"

Fyuzi akamkumbuka mwoka mikate. Akawakumbuka ndugu wawili wenye lori la mchanga, muuza mitungi ya gesi, mwenye gari la maji, mama wa mboga na gari lake la viazi, na wengine nyuma yao, wote wakipita gizani pua juu, na kila mmoja anamsifu. Mbele yao alianza kuona watu, manesi, walinzi, wenye baiskeli, wamejikinga macho kwa mikono. Alijaribu kuwahesabu akashindwa.

"Hata moja," alisema.

Mkewe alikwenda chumbani akichechemea, akarudi na simu ya mumewe, akaiweka mezani.

Fyuzi aliipiga namba ya mwoka mikate. Ilipokelewa mara moja, kwa bashasha, maana hakuna asiyependa kupigiwa na fundi wake. Fyuzi akasema lete gari kesho, nimekosea taa zako.

"Umekosea? Mbona zinaona vizuri ajabu!"

"Wewe unaona," Fyuzi alisema. "Lete gari, ndugu yangu. Lete na mikate yote."