Bibi Oray Asiungue

Jamani, nisiposema nitapasuka. Jana shangazi yangu Tibang amedanganya kijiji kizima, mchana kweupe, baada ya misa, na mimi nilikuwa pembeni yake nimekumbatia mkoba, nasali rozari kimoyomoyo!

Shangazi ndiye anayeandika ile hadithi ya mchawi inayotoka kila wiki kwenye jarida la lugha yetu ya Kisebuano. Ndiyo, ile ile! Mnadhani ni ya mwanamume kwa sababu ya jina, Delfin Makabulos. Mhariri alimwambia alipoanza kuandika, miaka kumi na tisa iliyopita, kwamba hadithi ya kutisha ikiwa na jina la mwanamke haimtishi mtu. Basi yeye anaandika kwa mkono, mimi nikitoka chuoni napiga taipu, na Delfin, aliyewekewa na mhariri picha ya mwanamume wa masharubu, anasifiwa.

Mchawi wa hadithi anaitwa Oray. Anafuga mbawakawa ndani ya mwanzi, anawatuma waingie matumboni mwa watu. Sasa Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Nafungua, nakuta kikongwe, mguu mmoja mfupi, kuku kwapani.

"Mimi ndiye Oray," akasema.

Nilipiga yowe mpaka jirani akachungulia! Shangazi akakaa chini pu. Kumbe mwaka juzi alipita kijiji cha Magtalisay kwenye sikukuu ya mtakatifu wao, akamwona bibi huyu, akamtia hadithini: akachukua mguu, akachukua nyumba, akachukua mpaka jina. Alijua kule hakuna anayesoma. Na kweli hawasomi, wanasomewa! Jarida moja tu linafika na basi la Jumapili, Dada Sidra mwenye duka anawasomea wote, na wao wanalipokea kama taarifa ya habari.

"Mtoto wa Teroy, wa kijijini kwetu, amevimba tumbo," bibi akasema. "Wananisema mimi. Teroy ameshanunua dumu la mafuta ya taa, anangoja tu asikie kesho hadithi itasemaje. Mwanangu, umeniunguza?"

Mimi niliyepiga taipu nilijua. Katika sehemu ya kesho wanakijiji wanachoma nyumba, Oray yumo ndani, na watoto wote wanapona siku hiyohiyo. Na jarida lilishachapwa tangu Ijumaa.

Tukamsihi abaki kwetu. Akakataa, mbuzi wake hakuwa na wa kumnywesha. Akatuachia kuku, akaenda zake.

Jumapili tukapanda basi moja na jarida lenyewe. Dukani watu kama arobaini, wanaume na vikombe vyao vya tembo la mnazi, na Teroy mbele kabisa, dumu katikati ya miguu. Shangazi akasimama, akasema ukweli. "Ndugu zangu, hadithi hii naandika mimi. Ni ya kutunga tu, hata chembe si kweli."

Wakacheka mpaka tembo likamwagika. "Mama, jua limekuingia kichwani! Delfin ana masharubu, tumeona picha yake!"

"Haya, basi nipeni hata nisome," shangazi akasema.

Dada Sidra alikuwa na mafua. "Soma, mama wa mjini, nipumzishe koo. Ila ukituruka mstari nitakujua!"

Nikawa nachungulia juu ya bega lake. Mistari miwili ya kwanza aliisoma kama ilivyo. Wa tatu haukuwepo kwenye ukurasa. Wa nne haukuwepo! Alikuwa anatunga palepale, macho yakienda kushoto na kulia kama anasoma, anageuza kurasa kwa wakati wake, na jasho linamtiririka shingoni. Kwenye midomo yake Oray alikuwa bibi wa watu tu, na mtoto ana minyoo, anatakiwa hospitali. Watu wakaanza kunong'ona.

"Hebu tuone picha," Teroy akasema.

Mungu wangu, picha! Ukurasa mzima, nyumba inawaka moto mpaka paa. Akalinyakua jarida, akalitazama, akaliinua watu wote waone.

"We mama. Hii nyumba inayoungua ni ya nani?"

Nilidhani tumekwisha. Shangazi hata hakupepesa jicho. "Ya baba wa mtoto. Alikwenda kumchoma kikongwe, akamwacha mwanawe mgonjwa ndani na koroboi. Upepo ukavuma."

Teroy alimtupia shangazi jarida. Halafu alikimbia! Si kwa Bibi Oray, nyumbani kwake. Akarudi na mtoto mgongoni, tumbo limekaza kama ngoma, tukarudi naye mjini kwenye basi. Njia nzima shangazi alimpepea kwa lile jarida.

Kabla basi halijaondoka Dada Sidra alinishika mkono dirishani. "Jumapili ijayo aje asome yeye. Anasoma vizuri kuliko mimi."

Kwa hiyo sasa kuna hadithi mbili, ya jarida na ya Magtalisay, na hii ya pili haijaandikwa. Asubuhi nimepita hospitali. Kweli ni minyoo, lakini mtoto hajafumbua macho, na daktari anasema tungoje mpaka Alhamisi. Teroy amekaa kwenye benchi. Akiniona ananiuliza jambo moja tu, "Sehemu inayofuata inasemaje?"

Shangazi hali chakula. Ameniambia nikae kwenye taipu nimsubiri. Nimekaa tangu saa nne, na hajanipa hata neno moja.