Kadi ya Masikio ya Mama

“Andika sabini na moja, mama. Usinipunguzie hata mwaka mmoja!”

Foleni nzima ilicheka. Baba, aliyezoea kuniita mama, hakujua kuongea taratibu. Mashine za kiwanda cha nguo, walikofanya kazi wote wawili, zilikuwa zimemla mama masikio, na tangu hapo baba alimwambia kila kitu kwa kupaza sauti: chai tayari, mvua inakuja, jirani kanenepa. Nyumba yetu haikuwa na siri.

Siku hiyo alikuja benki nilikofanya kazi, na koti alilovaa kwenye harusi ya dada, akapanga foleni mpaka dirishani kwangu. Alitaka kadi ya mkopo. Amnunulie mama kifaa cha kusikia, alipe kidogo kidogo kwa pensheni yake, asimwombe mtoto. Umri aliutaja kwa kujidai. Siku zote ulikuwa unampatia kiti na shikamoo. Akadhani utampatia na kadi.

Niliingiza umri, nikaingiza pensheni. Kompyuta ilikataa kabla sijainua kidole. Mimi wa miaka ishirini na minne, benki ilikuwa imenipa kadi bila hata kuomba.

“Samahani, mzee,” nikasema. Ndivyo tulivyofundishwa kusema. “Umri na kipato chako havijakidhi vigezo.”

Aliniangalia. “Sijawahi kudaiwa na mtu.”

“Najua, baba.”

“Haya, mama. Wahudumie wenzangu.” Alisema taratibu kabisa. Sikujua kama anaweza.

Nadhani nilipaswa kulia. Nilimwita aliyefuata. Miaka imepita, na mpaka leo mtu akipaza sauti kwenye foleni, nainua kichwa.

Jumamosi ya wiki ile nilikinunua kifaa kwa kadi yangu. Baba alilitazama boksi, akasema hongera, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Mimi sikuhisi uchungu wala furaha. Nilikuwa nimekufa ganzi tu.

Mama alikivaa, akashtuka kijiko kilipogonga kikombe. Alilicheka bomba linalovuja. Aliucheka mlango unaolia. Wiki iliyofuata alinivuta jikoni, akakigongagonga kile kidude kwa ukucha.

“Mwanangu, hiki kitu ni kizima kweli?”

“Kizima, mama. Kwani vipi?”

“Nasikia kila kitu. Baba yako tu ndiye nisiyemsikia.”