Mdaku Alivyomnywea Mpiga Pasi Maji

Mpiga pasi alikuwa ananyoosha ukosi wa shati jeupe, jua limekaa utosini na bati la duka la dobi linalia kwa joto, alipohisi maji ya baridi yakimshuka kooni. Hakuwa amekunywa kitu. Hakuna aliyekunywa kitu mle ndani tangu asubuhi, kwa sababu bosi alishakataza: anywaye maji huenda msalani, na aendaye msalani huiacha pasi. Maji yale yalikuwa na ladha ya sufuria kuukuu. Akaligeuza shati, akaendelea na mikono.

Kesho yake yakaja tena, safari hii yana ladha ya udongo. Mpiga pasi alikuwa mtu wa kuchunguza. Hata kifungo kikidondoka hatulii mpaka ajue kimetoka shati gani. Jioni akamuuliza dada yake, aliyekuwa akiishi naye, kama kuna mtu kachezea maji ya udongo pale nyumbani.

"Mtu gani? Si huyo Mdaku wako," dada alisema. "Kamaliza bakuli lake, kaenda kulamba sahani ya chungu cha maua. Siku hizi anakunywa kama katumwa."

Mdaku alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, na jina alilipata kwa kuchungulia kila geti la mtaa. Alikuwa amejilaza sakafuni, ulimi nje, pua kavu.

Asubuhi mpiga pasi akatia majani ya mnanaa kwenye bakuli la mbwa, akaenda kazini na hamu ambayo pasi haijawahi kumpa. Mchana, akiwa katikati ya suruali, mnanaa ukamjaa mdomoni. Akacheka peke yake. Mwenzake wa meza ya pili, midomo imembanduka, akamuuliza anachekea nini.

"Mbwa wangu ananinywea maji."

"Una bahati," alisema mwenzake. "Mimi nafuga kasuku."

Wiki ile mpiga pasi aliona raha, tusifiche. Alimwekea Mdaku maji ya mtungini, siku nyingine na kipande cha tango, akawa anapiga pasi huku akionja. Lakini mbwa alizidi kukonda, mpaka siku moja akashindwa kubweka. Hapo mpiga pasi akaingiwa na hofu, na aibu juu yake, akambeba hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari aliivuta ngozi ya shingo ya Mdaku. Ikabaki imesimama. Akaivuta ngozi ya mkono wa mpiga pasi. Ikarudi mara moja.

"Anakunywea wewe, yeye habakiwi na kitu," alisema, akinawa mikono. "Kiangazi hutokea. Mweke kivulini, usimtoe nje lami ikiwa ya moto. Iguse kwanza kwa kiganja chako. Lakini yote hayo ni bure kama wewe hunywi. Kunywa ya kwako, naye atabaki na ya kwake. La sivyo utamzika."

Akajaribu kunywa alfajiri mpaka tumbo likawa linacheza. Ikifika mchana yote yameshamtoka kwa jasho, na koo linapoa tena kwa maji ya mbwa.

"Mwambie bosi," dada alisema.

"Hatanielewa."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndiyo maana anaambiwa."

Akapiga moyo konde, akamwendea bosi pale chini ya feni. Bosi hakushangaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri kwa dhati kabisa, kisha akasema kwa upole, "Tafuta mbwa wa pili, amnywee huyo wa kwanza."

"Na huyo wa pili, bosi?"

"Kwani atalalamika?"

Mpiga pasi akarudi mezani. Hakumaliza hata shati moja, simu ikaita. Ni dada: Mdaku hasimami, macho kayageuza.

Juu ya kila meza palikuwa na chupa ya maji ya kunyunyizia nguo, maana shati kavu halinyooki. Akafungua ya kwake, akanywa yote.

"Hayo ni maji ya mashati," bosi alisema.

"Najua." Akavuta na ya mwenzake, akainywa taratibu, simu ikiwa sikioni. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, maji yale hayakuwa na ladha ya kitu chochote.

"Kainua kichwa," dada alisema. "Ngoja. Pua imelowa."

Bosi akamwonyesha mlango, bila hasira. Jioni hiyo mpiga pasi alikaa na mbwa wake kwenye kivuli cha ukuta, kila mmoja na bakuli lake, akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Siku iliyofuata alirudi dukani kuchukua kandambili zake. Kwenye meza yake alisimama mwanamke mgeni, ameshalowa jasho, ananyoosha ukosi. Mwenzake wa meza ya pili akamsindikiza mpaka mlangoni, akamnong'oneza kwamba huyo mgeni hakuulizwa kama anajua kupiga pasi. Aliulizwa kama anafuga mbwa, naye akasema anao wawili, na wa tatu atazaliwa karibuni.