Mfano wa Shangazi

Mhariri wa kamusi aliziacha kurasa za mwisho mezani, akaenda kuoga. Aliporudi alimkuta dada yake mkubwa, fundi cherehani, amesimama na ukurasa mmoja mkononi, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Hili neno umeliandika wewe?"

"Machomaziwa? Ndiyo. Maana ya kwanza, mtu mwenye mboni zilizopauka. Ya pili, aina ya samaki mwenye macho kama hayo."

"Samaki hana shangazi wa kumsema. Nauliza huu mfano."

Mfano ulisomeka: *Machomaziwa hapati mchumba, atawatisha hata wanawe.* Mhariri aliuona unafaa: mfupi, wazi, wa kweli. Ofisini kwao mfano wa kubuni haukubaliwi. Lazima mtu awe amelitamka neno kwa kinywa chake. Shangazi yao alilitamka sebuleni, mbele ya wageni waliokuja kumposa dada na wasirudi tena. Jina la mtu halikutajwa, hivyo mhariri aliona hakuna aliyeguswa.

"Hakuna atakayejua ni wewe."

"Mimi nitajua. Shangazi alisema mara moja, akafa nalo. Wewe unataka lisomwe mashuleni. Likichapwa hivi, mdogo wangu, usiniite dada tena."

Dada hakuwa mtu wa vitisho. Akisema nguo itakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa huwa tayari. Na kurasa zilikuwa zinasubiriwa kiwanda cha uchapaji mchana uleule.

"Neno lisilo na mfano linaondolewa," alisema mhariri. "Na mwingine sina. Nimetafuta."

"Ati huna! Machomaziwa huyu anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na wewe na hayo macho yako meusi, saa ya ukutani inakushinda!"

Mhariri alipapasa mezani kutafuta kalamu.

"Rudia, polepole."

"Nirudie nini? Si nakutukana?"

"Unatukana vizuri. Rudia."

Dada alirudia, akaongeza na habari za mapishi ya mdogo wake, ambazo hazikulihusu neno. Mhariri akayakata kwa mstari maneno ya shangazi, akaandika juu yake: *Machomaziwa huyu anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.*

Dada aliinama kusoma. "Na saa ya ukutani?"

"Nafasi haitoshi."

"Mwongo mkubwa," alisema dada, akarudi kwenye cherehani yake.