Bati la Chini ya Tuta

Kwa miaka kumi na tisa nimeandika vibao vya mimea katika bustani ya chuo cha wafamasia, na kabla ya hapo nilifundisha hati kwa watoto wa darasa la pili. Kazi hizo mbili ni moja. Mtu anayeandika vibaya kibao cha mmea amemdanganya kila atakayepita baada yake, na yeye mwenyewe hatakuwapo kusahihisha.

Watawa walionisomesha walitufundisha kazi hii kwa subira, na palipohitajika, kwa fimbo. Kipande cha bati la zinki hukatwa upana wa vidole viwili, kikalazwa juu ya gogo, na kila herufi ikagongwa kwa chapa ya chuma na nyundo, pigo moja tu, kwa maana pigo la pili huizalia herufi pacha. Kila tuta lilipewa vipande viwili. Cha kwanza kilifungwa kwenye kijiti juu ya udongo. Cha pili kilizikwa shubiri moja chini, kwenye pembe inayotazama lango. "Cha juu ni cha wageni," alikuwa akisema mtawa wa bustani. "Cha chini ni cha siku ya mashaka."

Desturi hiyo niliileta chuoni, na mimi ndiye niliyeiacha. Miaka miwili iliyopita chuo kililetewa maboksi ya vibao vya plastiki nyeupe, pamoja na kalamu ambazo ubavuni mwake paliandikwa kwamba wino wake haufutiki. Niliandika vibao arobaini kwa asubuhi moja, kwa hati ambayo mkuu wa chuo alisimama kuitazama. Nikawakusanya wafanyakazi, nikawaambia kwamba tangu siku hiyo kuzika bati ni kupoteza bati, na kwamba hata daftari la matuta halina kazi tena, kwa kuwa kila tuta litajisemea lenyewe. Bi Sepetu, mwanamke tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna udongo asioujua, akauliza, "Na jua je, mzee?" Nikamjibu mbele ya wote kwamba mwenye kujua kalamu ni mimi, yeye ashike sepetu. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Wino ule ulianza kupauka kabla ya mwaka kwisha. Sijitetei: niliuona. Niliuona ukitoka kuwa mweusi ukawa rangi ya majivu, kisha rangi ya maji ya mchele, na kila Jumatatu nikajiambia kwamba nitaandika upya Jumatatu ijayo. Kuandika upya kulikuwa ni kukiri mbele ya Bi Sepetu, na mdomo wangu haukuwa umezoea kukiri.

Mke wangu huniletea chakula cha mchana bustanini. Jumanne ile alikuja akikohoa, kikohozi cha wiki nzima, akaweka kikapu juu ya meza yangu katikati ya vibao nilivyokuwa nikiviandika kwa ajili ya miche mipya.

"Mwalimu, kifua hiki kitanivunja mbavu. Lile jani la kifua unalolisifia kila siku liko wapi?"

"Tuta la tatu kutoka bombani."

"Hutanichumia?"

"Nina kazi, mama. Huoni?"

"Naona. Siku nitakayokufa utaniandikia kibao kwanza, ndipo unililie."

"Tuta la tatu," nikasema bila kuinua macho. "Kusoma unajua."

"Nilijua kabla yako," akajibu, na nikamsikia akikohoa mpaka bombani.

Kesho yake niliondoka nyumbani mapema, naye alikuwa bado amelala. Saa nne fundi cherehani, jirani yetu, aliingia langoni akihema, tepu ya kupimia bado ikining'inia shingoni mwake.

"Mzee, mama yuko zahanati. Alitapika mlangoni kwangu, akashindwa kusimama. Mke wangu yuko naye."

Zahanati iko ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika tano kwa kijana. Sikumbuki nilivyovuka. Nakumbuka nilimkuta mke wangu amelazwa kwenye kitanda cha kwanza kutoka mlangoni, uso umemlowa jasho, midomo imepauka, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama mpini wa jembe asubuhi.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "mbona ukuta wameupaka rangi ya manjano?"

Ukuta ulikuwa mweupe.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinivuta kando hadi kwenye meza ya dawa. "Shikamoo, baba. Mapigo yake ni thelathini na nane kwa dakika, na yanaruka. Amekula nini?"

"Marahaba. Amekunywa chai ya majani. Jani la kifua, kutoka bustani ya chuo."

"Jani la kifua haliufanyi moyo kuwa hivi. Una hakika ndilo?"

Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Kisha nikakumbuka tuta la jirani. Katika bustani yetu jani la kifua limepandwa ubavuni mwa mmea tunaouita jani la moyo, ambao wanafunzi hufundishwa kuuheshimu kwa sababu kijiko chake kidogo ni dawa na kikombe chake ni kaburi. Yote mawili yana majani mapana yenye manyoya. Yakichanua, hata mtoto atayatenganisha. Lakini yalikuwa bado machanga, na maua yake yalikuwa mbali kwa miezi miwili.

"Nilikuwa na hakika mpaka uliponiuliza," nikasema.

Daktari hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Akasema taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine barua. "Baba, nisikilize. Gari la wagonjwa linafika baada ya nusu saa. Ikiwa ni hilo jani la moyo, hospitali kubwa ina dawa yake, lakini dozi ni chache, zimefungiwa ghalani, na hawazitoi mpaka watajiwe mmea. Nikipiga simu sasa nikawaambia sijui, watasubiri vipimo hadi jioni. Sioni moyo huu ukifika jioni. Nenda kaniletee jina."

"Mwalimu wa mimea wa chuo yuko safarini. Simu yake haipatikani."

"Basi kibao. Si mna vibao?"

Nilivuka tena barabara. Viatu vyangu vilikuwa vizito kana kwamba vimejaa maji. Nilipita bomba, nikahesabu: tuta la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye tuta la tatu vikonyo vilikuwa vibichi mahali alipokata, vitano, vimekatwa kwa mshazari kama anavyokata kila kitu. Mbele yake kilisimama kibao changu kizuri cha plastiki. Kilikuwa cheupe pee. Nikakigeuza kuelekea jua, nikakilaza, nikakipumulia, nikakiweka karibu na jicho kiasi cha kope kukigusa. Hapakuwa na mkwaruzo. Nikaenda tuta la nne. Kibao chake nacho cheupe.

Nikasimama katikati ya matuta mawili nikajaribu kukumbuka. Siku ya kuhamisha miche nilikuwa na homa. Bi Sepetu ndiye aliyepanda, nami siku iliyofuata niliandika vibao nikinakili vile vya vyunguni. La tatu, kifua. La nne, moyo. Nikaiona hati yangu waziwazi. Kisha nikaiona, waziwazi vilevile, kinyume chake. Kadiri nilivyozidi kuita, ndivyo kumbukumbu ilivyozidi kunitii, ikaniletea kila nilichokitaka, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilimwambia mke wangu tuta la tatu kwa sauti ya mtu anayejua. Sikuwa nikijua. Nilikuwa nimezoea tu kuwa na sauti hiyo.

Nikashika udongo wa tuta la tatu. Nikatoa mkono. Nitachimba nini, ilhali mimi mwenyewe niliamuru pasizikwe kitu?

"Unatafuta nini, mzee?"

Bi Sepetu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameegemea chombo chake.

"Mke wangu amekunywa majani ya tuta hili. Yuko zahanati. Moyo wake unasimama." Nikamwonyesha vikonyo. "Ulipanda nini hapa?"

Akatazama tuta la tatu, akatazama la nne. "Nilipanda matuta ishirini na sita siku ile, mzee. Nikikwambia nakumbuka nitakuwa mwongo."

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye njia, na suruali yangu ya kazi. Yeye akabaki amesimama. Akatafuna mdomo wake wa chini.

"Nikisema neno," akaanza, "hutanitangaza tena mbele za watu?"

"Sema."

"Sikuacha kuzika."

Sikumwelewa. Akapiga magoti kwenye pembe inayotazama lango, akachomeka sepetu, akainua bonge moja la udongo, la pili, la tatu. "Mabati yako ya zamani yalikuwa stoo yanaota kutu. Chapa uliniambia nisiziguse, kwa hiyo nilitumia msumari. Nilitazama vibao vya vyunguni, nikafuatisha maumbo nukta kwa nukta, wino ulipokuwa bado unaonekana. Mimi si msomi, mzee. Kama nimekosea herufi utanisamehe."

Kwenye bonge la nne sepetu ilikwaruza chuma. Akalitoa bati lililopinda kidogo, limefunikwa na udongo mwekundu, akanipa. Nikaufikicha udongo, haukutoka. Akalichukua tena, akaenda nalo bombani, akalifikicha kwa dole gumba, nami nikamfuata, na maji yalipokwisha kuwa safi nukta zikatokea, moja moja, zimepinda kama safu ya watoto wasiofundishwa kupanga mstari. M. O. Y. O.

"Ndivyo ilivyo?" akauliza. "Inasomeka?"

"Inasomeka."

"Inasema nini?"

 Nilikuwa tayari langoni.

Nilipoingia zahanati nililiinua lile bati mbele ya daktari kwa sababu sikuwa na pumzi ya kusema. Akalisoma, akalitazama tena upande wa nyuma, akauliza jambo moja tu. "Nani ameandika?"

"Mtu makini kuliko mimi."

Akapiga simu. Nilimsikia akitaja jina la mmea lile la vitabuni, akilirudia, akisema, "Ndiyo, nina hakika. Ninalo mkononi." Mke wangu alikuwa amefumba macho. Nilihesabu pumzi zake, na kati ya moja na nyingine palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kusali sala nzima. Niliisali. Gari lilipofika walinikatalia kupanda, kwa kuwa ndani mlikuwa na mjamzito na nafasi ilikuwa moja. Nikabaki barabarani na bati mkononi mpaka vumbi lilipotua.

Alirudi nyumbani siku ya tisa, amekonda, anatembea akishika kuta, lakini ulimi wake haukuwa umepungua uzito. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamuuliza jambo lililokuwa likininyima usingizi.

"Ulipofika kwenye tuta, kibao hukukiona kuwa kitupu?"

"Nilikiona."

"Mbona basi ulichuma?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulisema la tatu. Tangu lini nikahitaji kibao, na wewe umesema?"



Jumatatu iliyofuata niliwakusanya wafanyakazi mahali pale pale nilipowakusanya miaka miwili nyuma, nikawaeleza yaliyotokea, nikimtaja aliyetenda na aliyekosa. Kisha nikampa Bi Sepetu sanduku la chapa za chuma. Akazishika moja moja, akasema, "Mzee, hizi zingeniokolea misumari mingi," wakacheka wote, na safari hii naye alicheka. Sasa yeye hupanga herufi, akifuatisha maumbo ninayomwandikia, nami hupiga nyundo, na kabla ya kila pigo namwuliza ni mmea gani. Hujibu. Naenda kuutazama. Narudi. Namwuliza tena. Mkuu wa chuo amelalamika kwamba tunamaliza vibao vinne tu kwa siku.

Kikohozi cha mke wangu hakijaisha. Jana alasiri aliketi barazani akiwa amejifunika bega, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mwalimu, lile jani la kifua lenyewe sasa mnalijua liko wapi?"

"Tuta la nne. Lina bati juu na bati chini."

"Basi niletee."

Nilifika mpaka kwenye tuta. Nililisoma bati la juu. Nikafukua la chini, nikalisoma, nikalizika. Nikashika jani moja, nikaliachia. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikachemsha maji, nikayamimina katika kikombe chake bila kitu chochote ndani.

Akayatazama, akanitazama.

"Na haya," akasema, "umeyasomea kibao?"

Nilichukua kikombe nikanywa kwanza, ndipo nikampa.