Mapipa ya Siki

Nadhira binti Mwinyijuma alikuwa fundi seremala, na watu wa Bagamoyo walikwisha kumzoea. Alipokuwa msichana walisema atachoka mwenyewe. Alipoolewa wakasema mume atamkataza. Alipoachika akarudi kwao na patasi zake, wakanyamaza, wakaanza kumletea vitanda vilivyovunjika chaga. Karakana ilikuwa ya baba yake, Mzee Mwinyijuma, bingwa wa milango ya nakshi, ambaye uzeeni aliadhini alfajiri katika msikiti wa mtaa wao, kisha akaja kushika randa mpaka jua lilipokaza.

Kazi ilikuwa imepooza. Watu walinunua makochi ya dukani, makubwa kama matanuri, yakajaza sebule hata mgeni akawa anapita kiupande. Ndipo Nadhira aliposikia kuwa hoteli moja ya pwani, huko njia ya Mapinga, imefungwa na dalali anauza vilivyomo. Alikwenda kutafuta milango. Akakuta mapipa kumi na moja ya mbao, ya mti mgumu wa Ulaya, rangi yake kama asali.

"Ya siki hayo," dalali alimwambia. "Wazungu wanavundikia siki."

Nadhira alipitisha kiganja kwenye mbao moja iliyopinda, akakiona kiti humo ndani, mgongo wa mtu umelala bila mto. Akayachukua yote.

Yalipokuwa yakishushwa garini, baba yake alisimama mlangoni akiyatazama. Kisha akasema, "Kuyabomoa na kuyapiga randa ya kwanza niachie mimi. Wewe yako ni kuunda." Nadhira alifurahi. Alidhani mzee naye amelipenda wazo.

Katika miezi minne viti vyake vilienea mjini. Vilikuwa viti vya mgongo wa duara vinavyoingia chini ya meza vikaisha, rafu nyembamba za nyuma ya mlango, na vimeza vya kona vilivyotengenezwa kwa vifuniko vya mapipa. Mtu mwenye sebule ya hatua tano aliweza kukaribisha wageni sita, na bado pakabaki pa kupita. Meza aliyoipenda Nadhira kuliko zote aliichukua Samia, mwalimu wa Kiingereza, aliyepanga vyumba viwili karibu na shule anayofundisha.

Samia alipofiwa na mama yake, hitima ilisomwa nyumbani kwake Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume walikaa uani kwenye majamvi, wanawake wakabanana sebuleni. Juu ya meza ile ya mapipa waliweka chetezo cha ubani, misahafu miwili na juzuu za kugawana. Nadhira alikaa pembeni ya meza, akasoma juzuu yake huku mkono umeegemea mbao aliyoilainisha kwa mkono huohuo.

Ilipomalizika dua, ikabidi meza itolewe ili sinia za pilau zipate nafasi. Misahafu iliinuliwa, meza ikafika mlangoni, ikakwama.

"Igeuzeni, miguu itangulie," Nadhira alisema.

Wakaigeuza. Upande wa chini wa meza ukaelekea wanawake waliokuwa wamekaa, na mwanga wa mlango ukaupiga. Palikuwa na herufi nyeusi, kubwa, zimekwanguliwa nusu. Nusu iliyobaki ilitosha.

Samia alizisoma kwa macho. Akazisoma tena, midomo ikicheza. Sinia aliyokuwa ameishika ikainama, kachumbari ikamwagika mkekani wala hakuiona.

"Nadhira," alisema bila kuinua macho. "Hapa pameandikwa wiski."

"Siki," Nadhira alijibu upesi, kwani alipoiunda alizidhani herufi hizo chapa ya kiwanda cha siki. "Ni mapipa ya siki."

"Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Nadhira. Hili ni pipa la wiski."

Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Nadhira zaidi. Kati ya wanawake ishirini waliokuwamo, wengine walianza kuzitazama nguo zao pale zilipogusa meza. Bi Zuleha, shangazi yake Samia, alikuwa ameibeba misahafu kifuani. Aliikumbatia kwa nguvu zaidi.

"Tumeweka misahafu hapo," alisema. "Lahaula. Hitima ya mtu, Nadhira!"

Nadhira aliinuka. Akatoka, na ndala zake akaziacha kizingitini. Alikwisha kufika barabarani alipohisi kokoto.

Njiani kitu kimoja kilimrudia kichwani tena na tena. Herufi zile zilikuwa zimekwanguliwa. Na alama za mkwanguo alizijua kama anavyoujua mwandiko wake, maana randa ya baba yake ilikuwa na pengo dogo kwenye kisu chake cha chuma, ikaacha mstari mwembamba kama unywele kila ilipopita. Mstari ule ulikuwa umepita juu ya herufi.

Mzee Mwinyijuma alikuwa karakana, anafagia maranda.

"Baba, mapipa yale yalikuwa ya wiski."

Ufagio ulisimama. Nadhira alisubiri ashtuke, aseme astaghfirullah, amlaani dalali. Mzee aliuegemeza ufagio ukutani taratibu, akakaa juu ya benchi.

"Umeonea wapi?"

"Kwenye meza ya Samia. Mbele ya watu, Baba, kwenye hitima! Nawe ulizikwangua herufi. Uliziona!"

"Nilizikwangua zote. Ile naona macho yalinihadaa."

"Lakini Kiingereza hukijui. Ulijuaje?"

Mzee alitazama mikono yake. "Kwa harufu," alisema. "Yaliposhushwa garini tu nilijua. Niliinywa miaka saba, Nadhira. Bandarini Tanga, nilipokuwa fundi wa majahazi. Niliinywa hiyo na gongo na chochote kilichowaka. Mama yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuja kunitoa. Wewe hujazaliwa."

Nadhira alisikia maneno, lakini hayakupata pa kukaa. Huyu alikuwa mtu aliyemfundisha kutawadha. Sauti yake ndiyo iliyouamsha mtaa mzima kila alfajiri. Alishika kiti kilichokuwa karibu, akagundua ni kimoja cha vile vya mapipa, akakiachia kama kaa la moto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nimejuaje? Na ulikuwa umefurahi. Tangu utoke kwa mumeo sikuwa nimekuona ukicheka peke yako." Alipangusa unga wa mbao gotini. "Nikasema nitayaosha. Kila mbao niliiosha mara saba, nikaianika juani, nikaiparua mpaka weusi wa ndani ukaisha. Nilidhani yatakwisha hapo."

"Na wewe?" Nadhira aliuliza. "Miezi minne umo humu na harufu ile."

Mzee alijibu kwa sauti ya mtu anayejisemea.

"Kila nikipitisha randa ilikuwa inaniita jina. Siku moja ubao ulikuwa na unyevu. Niliugusa, nikalamba kidole."

Nadhira alimwona baba yake akilia, na hakuwahi kumwona hata siku ya kumzika mama. Alitaka kukasirika, hasira aliitafuta asiipate. Alikaa naye kwenye benchi mpaka mzee aliposema, "Kesho twende kwa Samia."

Kwanza, usiku huohuo, mzee alikwenda peke yake kwa Sheikh Mwishehe, imamu wa msikiti, akamweleza yote. Sheikh alimwambia kwamba kwa maoni yake mbao iliyoparuliwa, ikaoshwa na kuanikwa, haina tena najisi. Kosa ni kumficha mnunuzi asijue anachokiweka nyumbani. Kuhusu kidole, alimuuliza swali moja tu.

"Alfajiri ya kesho utaadhini?"

"Sijui, Sheikh."

Aliadhini. Katikati sauti ilimkatika, kisha akaendelea. Wengi walidhani ni kifua.

Kwa Samia walikuta Bi Zuleha naye yupo. Nadhira alikuwa amejiandaa kusema hawakujua, ili amfichie baba yake, lakini mzee alimtangulia. Alisema alijua, na akasema alijuaje. Bi Zuleha aliweka mkono mdomoni. Samia alimtazama mzee aliyekuwa akimwamkia tangu alipohamia mjini.

"Shikamoo, Mzee," alisema mwishowe, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Marahaba, mwanangu."

Meza ile Samia hakuirudisha. Misahafu aliihamishia kwenye rafu ya ukutani, juu ya meza akaweka daftari za wanafunzi. Nadhira alizunguka nyumba zote alizouza, akasema mlangoni kabla ya kukaribishwa ndani. Watatu walirudisha viti vyao. Mmoja alimfungia mlango. Wengine walibaki navyo, na katika hao mmoja alicheka mpaka Nadhira akaona aibu upya. Habari za mzee nazo zilienea, kama zinavyoenea. Wapo waliomsalimia kwa kumkazia macho, na wapo waliozidi kumheshimu.

Jioni moja mzee alimwambia, "Yale matatu yaliyobaki yatoe humu. Watu siwaogopi tena. Najiogopa mimi."

Nadhira aliyatoa siku ileile. Alikodi kibanda njia ya Kaole, akaendelea na kazi yake huko peke yake, kwa kuwa viti vilikuwa vizuri na bado kulikuwa na waliovitaka, sasa wakijua mbao zake zilikotoka. Baba yake alibaki na milango yake. Na kila siku kabla ya kurudi nyumbani, Nadhira alioga palepale kibandani kwa ndoo mbili za maji na sabuni ya kufulia, akasugua kucha, akabadili nguo zote hadi kanga ya kichwani, akainusa mikono yake mara mbili, ndipo akaenda kula na baba yake.