Ng'ombe Wenye Kiu

Kwanza ilisikika kengele. Kengele ya mti, ile ya kuchongwa, inayogonga ko-ko, ko-ko, bila haraka. Ukumbini mlikuwa na giza mchana kweupe, kwa maana madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ili picha zionekane vizuri, na watu wa Garsen waliojaa kwenye mabenchi wakageuza shingo kutazama mlango.

"Nani ameacha ng'ombe waingie mkutanoni?" akauliza mwanamke mmoja.

"Hiyo kengele ni yangu," akasema mzee Diriye, mfugaji. "Naijua kuliko kikohozi changu. Lakini huyo ng'ombe yuko wapi?"

Mbele, nyuma ya laptopu, Hamdia binti Diriye alitabasamu. Alikuwa ameirekodi kengele hiyo kwa simu, nyumbani kwao. Akabonyeza, na ukuta mzima ukawaka rangi.

Ulikuwa mnada mpya wa mifugo utakaojengwa kando ya mto. Mabanda meupe, mabati ya samawati, mabirika ya maji, maegesho ya malori. Watu wakaguna kwa kuvutiwa. Hamdia mwenyewe, mwenye chumba karibu na steji ya matatu alikochorea watu ramani za nyumba na mabango ya maduka, alikubali kwamba picha ile ilipendeza. Wala haikuchorwa na mtu. Mhandisi Dan, aliyetumwa na kampuni ya Nairobi, aliingiza mipaka ya kiwanja kwenye programu mpya, akaandika anachotaka, akaenda kunywa chai. Aliporudi, programu ilikuwa imemchorea minada mingi, achague mwenyewe. Hamdia aliajiriwa kwa kazi moja tu: kuipamba.

"Weka ng'ombe wachache, mrembo," Dan alimwambia. "Wawe wanono. Na akina mama wenye leso. Ukinifurahisha, una kiti chako Nairobi."

Hamdia alikitaka kile kiti. Alikitaka tangu siku aliyojifunza kuchora kwa kompyuta ya kuazima. Lakini alipoizungusha ile picha kuitazama kutoka upande wa mto, aliona uzio wa mnada umeikata malka.

Malka ni njia ya mifugo kwenda majini, katikati ya mashamba. Haina kibao wala jiwe la mpaka. Alama yake ni kwamba hakuna anayelima humo na hakuna anayejenga. Mkulima husimamisha jembe ukingoni. Mchungaji naye hukaza fimbo ng'ombe wasitoke nje. Ukiitazama kutoka angani utaona ukanda mtupu. Ile programu, kwa kuwa ilisoma picha za setilaiti, iliuona huo utupu ikaujaza.

"Pale hapana kitu," Dan alisema alipoambiwa.

"Hapana kitu kwa sababu tumekubaliana pasiwe na kitu!"

"Mrembo, mimi nafuata data. Wewe weka ng'ombe."

Haya. Akaweka ng'ombe.

Ila hakuwabandika kama picha za kalenda. Alichukua programu nyingine, ile inayopima jinsi umati unavyotoka uwanjani, akaifundisha mwendo wa kundi: mfuate mwenye kengele, usipenye ukuta, nenda kwenye maji. Mabirika akayaacha makavu, maana hakuna aliyeweza kumwonyesha maji yake yatatoka wapi. Nje ya uzio akachora mashamba ya watu kama yalivyo. Halafu akawapa ng'ombe wake kiu. Dan alitazama mwanzo tu, akaona wanono, akaridhika.

Sasa kundi lilikuwa likitembea ukutani mbele ya watu wote. Mwenye kengele aliongoza, ko-ko, ko-ko, akashuka kuelekea mtoni kwenye njia aliyoizoea, akaufikia uzio, akasimama. Wa nyuma wakaja wakamsukuma. Wakarundikana, pembe juu ya pembe, vumbi likatimka. Kisha mmoja akageuka, wengine wakamfuata, wakauzunguka uzio na kuzama kwenye mahindi.

"He!" mwanamke aliyeuliza mwanzo akasimama. Alikuwa Kahaso, mkulima. "Hilo si dungu langu la kufukuzia nyani? Hilo ni shamba langu! Diriye, ng'ombe wako hata kwenye kompyuta hawana adabu!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Lakini kilikatika upesi, kwa sababu ng'ombe hawakuacha kukanyaga.

"Kahaso, dada yangu," Diriye akasema taratibu, "nambie wewe. Wangepita wapi?"

Mabenchi ya wakulima yakayatazama mabenchi ya wafugaji. Kila mmoja pale alikumbuka jinsi ugomvi wa shamba moja ulivyowahi kuwa ugomvi wa vijiji.

Dan alikuwa ameshasimama. "Zima," akanong'ona akiwa ameuma meno. "Hiki ni kionjo tu, wananchi, kuna hitilafu kidogo..."

"Hakuna hitilafu," Hamdia akasema kwa sauti. "Nimeuchukua mchoro wako kama ulivyo. Sikusogeza nguzo hata moja. Nimeweka ng'ombe, kama ulivyoniagiza."

Dan akavuta waya wa projekta. Ukuta ukazimika.

Lakini laptopu ilikuwa na chaji yake. Gizani, spika ziliendelea: ko-ko, ko-ko, ko-ko, haraka haraka sasa, kengele ya mnyama aliyebanwa asiye na pa kwenda. Watu wakaisikiliza. Hamdia angeweza kuizima kwa kidole kimoja. Akakunja mikono kifuani.

Mtu akang'oa blanketi dirishani, mwanga ukaingia. Chifu akakohoa, akauliza ni nani wanaoukubali mchoro huu, wanyooshe mkono. Hakuna mkono ulionyooka, si wa mkulima, si wa mfugaji.

"Sawa," Dan akasema akikusanya nyaya zake. "Hapa mlikuwa mnaombwa maoni tu. Uamuzi ni Jumatatu, Hola, kwenye makao ya kaunti. Nitawaonyesha wakubwa picha yangu, bila sarakasi." Akamgeukia Hamdia. "Na wewe umekichoma kiti chako mwenyewe."

"Kiti cha kukalia shingo ya baba yangu? Kaa wewe, kaka. Na jina langu ni Hamdia. Hakuna mrembo hapa."

Nyuma, mtu akapiga makofi. Dan akatoka.

Nje jua lilikuwa kali. Diriye alimwekea binti yake mkono kichwani, akaenda zake. Kahaso ndiye aliyemshika Hamdia mkono asiondoke.

"Umewakomesha leo, mwanangu. Lakini wataenda Hola na ile picha yao nzuri, waionyeshe watu wasiolijua shamba langu. Wakijenga, ng'ombe watakuja kwenye mahindi yangu. Wakija, wanangu watashika mapanga. Mimi nawajua wanangu. Na baba yako ni mmoja wa watakaokutana nayo."

Hamdia aliikumbatia laptopu kama mtu aliyebeba mtoto. Kazi hana, Nairobi hana, na Hola hajaalikwa. Alimtazama Kahaso usoni, akasema kwa sauti waliyoisikia hata waliosimama mlangoni:

"Mama Kahaso, Jumatatu niko Hola kabla yao. Malka nitaichora, ionekane hata kwa asiyetaka kuona, na nyinyi wawili, wewe na baba, mtasimama kando yangu mseme ni yenyewe. Wakinifungia mlango, nitawasha kengele dirishani. Nakuahidi, mama: hawatapitisha uzio ule wakisema hawakusikia."